Aksolotli Hakuumbiwa Bakuli

Imeenea katika nchi nyingi, na hasa Marekani na Uingereza, dhana kwamba aksolotli ni mnyama mwepesi kufugwa kupita wote: kwamba maadamu hasogei sana hahitaji nafasi, maadamu hana sauti hana malalamiko, maadamu hushiba kwa nyungunyungu mmoja hana gharama, na maadamu akikatika mguu huota mwingine, hakuna dhara liwezalo kumpata likawa la kudumu. Dhana hiyo husemwa na wauzaji, ambao wana sababu ya kuisema. Hurudiwa na wazazi, ambao wangependa iwe kweli. Na tangu mwaka 2021, mchezo wa kompyuta uitwao Minecraft ulipomwingiza kiumbe huyu miongoni mwa wanyama wake, imewafikia watoto wasiohesabika, ambao wamemwona akichotwa kwa ndoo na kubebwa popote, wakadhani kwamba ndoo yamtosha. Mimi naikanusha dhana hiyo tangu shina hadi matawi. Nadai kwamba aksolotli ni katika viumbe walio wagumu kutengenezewa makazi, na kwamba wepesi anaosifiwa umetokana na mazoea yetu sisi, tuliokwisha kuridhika kuipima hali ya mnyama kwa swali moja tu, nalo ni kama yu hai au amekufa.

Na ajulikane kwanza ni nani. Aksolotli, ambaye jina lake katika vitabu vya elimu ya wanyama ni Ambystoma mexicanum, ni salamanda, yaani amfibia mwenye mkia. Lakini tofauti na salamanda walio wengi, ambao utotoni huishi majini na wakikua hupoteza matamvua yao na kutoka nchi kavu, yeye hubaki na umbo la utoto hadi uzeeni, na huzaa akiwa na umbo hilo hilo, kwa kuwa homoni ya tezi ya thairoidi haimjii kwa kiasi cha kumgeuza. Kwao ni Bonde la Mexico, katika maziwa mawili, Chalco na Xochimilco, yaliyokuwa kwenye kimo cha mita zipatazo 2,240 juu ya usawa wa bahari. Chalco lilikaushwa, na Xochimilco limebaki mifereji ipitayo kati ya chinampa, ambazo ni mashamba yaliyoinuliwa ndani ya ziwa kwa tope na majani na wakulima wa zama za kabla ya kuja Wahispania. Kimo hicho nakitaja kwa kuwa hukumu yote ya makazi yake imo humo. Nchi ile imo katika ukanda wa joto, na hata hivyo maji yake ni ya baridi mwaka mzima. Mtu wa Limuru, ambaye kwao ni karibu na Ikweta na kimo chake hakipitani sana na cha Xochimilco, naye hulala na blanketi zito, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hapo ndipo hoja ya kwanza ya wapinzani wangu inapoporomoka. Wao husema kwamba mnyama wa damu baridi hufuata joto la maji aliyomo, na kwa hiyo hukubaliana na chumba chochote. Ni kweli hufuata. Lakini kufuata si kukubaliana, kama vile mfungwa afuatavyo amri ya bwana jela. Maji yapatapo joto, mwili wake hukimbia katika kazi zake na haja yake ya oksijeni huzidi, ilhali maji hayo hayo, kadiri yanavyopata joto, ndivyo yanavyoishiwa uwezo wa kushika oksijeni. Naye huingia katika dhiki ya pande mbili, akitaka zaidi mahali penye pungufu, huku kuvu na bakteria wa maradhi wakistawi na kinga ya mwili ikilegea. Joto limfaalo ni nyuzi 16 hadi 18 za Selsiasi. Nyuzi 20 huzistahimili. Na akiwekwa siku nyingi katika nyuzi 24 na kuendelea, matamvua yake hukunjika kuelekea mbele, ncha ya mkia hujipinda, chakula hukikataa, na ngozini hutokeza nyuzi nyeupe za kuvu. Hayo yote huyafanya kimya kimya, na kimya hicho ndicho kinachoitwa utulivu.

Basi anayeishi Dar es Salaam, Mombasa au Maskati, ambako maji yaliyokaa chumbani huzidi nyuzi 25 kwa sehemu kubwa ya mwaka, na aelewe sharti lililo mbele yake. Feni ikipuliza juu ya maji huyapoza kwa kuyafanya yawe mvuke, na katika hewa kavu hupunguza nyuzi mbili tatu. Katika hewa ya pwani, iliyokwisha kushiba unyevu, faida yake ni haba. Chupa za barafu zitiwazo asubuhi na jioni huyapandisha na kuyashusha maji kwa ghafla, jambo ambalo lenyewe ni adha. Kinachobaki ni mashine ya kupoza maji, ambayo bei yake aghalabu huzidi ya kioo na mnyama pamoja, na umeme usiokatika. Asiyeweza kuvipata viwili hivyo hana lawama yoyote. Lawama huja akimchukua mnyama huku akijua hana.

Hoja ya pili, kwamba asiyesogea hahitaji nafasi, ni dhaifu zaidi ya ile ya kwanza, kwani inadhani kuwa maji ya hodhi ni nafasi tu, ilhali kwa kiumbe wa majini maji ndiyo hewa, na ndiyo choo chake pia. Aksolotli mzima hufika sentimita 23 hadi 30. Ni mla nyama. Na taka ya nyama aliyoila humtoka, kwa sehemu kubwa kupitia matamvua, ikiwa amonia, ambayo huunguza ngozi na matamvua yayo hayo hata ikiwa kidogo mno. Katika mifereji ya kwao amonia hupotelea katika maji mengi na kuliwa na mimea na vijidudu. Katika bakuli la lita kumi humrudia mwenyewe. Hodhi lililotengenezwa sawasawa lina makundi mawili ya bakteria, yanayokaa katika sponji ya chujio, katika mchanga na juu ya kila kilichomo: kundi la kwanza huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na la pili huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo na huondolewa kwa kubadilisha sehemu ya maji kila wiki. Bakteria hao hukua polepole, aghalabu kwa wiki 4 hadi 8, katika hodhi lisilo na mnyama, chujio likienda usiku na mchana, mwenyewe akitia amonia kidogo kidogo ili wapate kula, na akipima kwa dawa za matone, hata ifike siku ambayo amonia iliyotiwa jana leo haionekani, wala nitriti haionekani, na nitrati imetokea badala yake. Nyumba huwa imekamilika siku hiyo, na kabla yake haifai kumwita mgeni.

Desturi iliyopo ni kinyume cha hayo kabisa. Kioo na mnyama hununuliwa asubuhi moja, maji hutiwa adhuhuri, na jioni familia nzima huketi kumtazama. Kisha kwa mwezi mmoja au miwili bakteria hukua kwa amonia itokayo kwa mnyama mwenyewe, naye akiishi ndani ya sumu hiyo muda wote wa ujenzi. Akiokoka, husemwa kwamba ni mnyama mgumu asiyedhurika. Mimi sioni burhani yoyote katika kuokoka huko, ila kwamba alitendewa jambo ambalo si kila mwenziwe angetoka nalo salama.

Kwa vipimo, watu wengi hutaja lita 75 kuwa kima cha chini kwa aksolotli mmoja. Mimi nakiona kima hicho kuwa ni cha kumstahimilisha, na ningependa lita 150, katika hodhi refu na pana kuliko lilivyo la kina, kwa kuwa mnyama huyu hutembea chini na kimo cha maji humfaidia kidogo. Maji ya bomba sharti yaondolewe klorini. Wapo waaminio kwamba yakilazwa usiku kucha yamesafika. Kwa klorini tupu ni sawa, lakini miji mingi siku hizi hutia kloramini, ambayo haitoki kwa kulazwa na huhitaji dawa yake.

Nimejibiwa mara nyingi kwamba maabara huwaweka aksolotli katika vyombo vidogo sana, na kwamba wao huishi na kuzaa humo vizazi baada ya vizazi. Hoja hii ndiyo yenye nguvu kuliko zote, nami naipa haki yake. Ni kweli maabara hutumia vyombo vidogo, aghalabu mnyama mmoja kwa chombo kimoja. Lakini chumba kizima hupozwa; maji hutengenezwa kwa chumvi zilizopimwa, kama ule mchanganyiko unaoitwa kwa jina la Holtfreter; na wapo watumishi walioajiriwa kuyabadilisha kwa zamu zisizokosa, sikukuu na siku za kazi, hata taka isipate muda wa kulimbikizana. Anayetaka kuiga udogo wa chombo cha maabara na aige pia zamu, chumba na mshahara wa watumishi wale. Akichukua udogo peke yake, atakuwa amechukua kile tu kilichomrahisishia yeye. Tena maabara haikumweka mnyama yule kwa raha yake. Ilimweka kwa utafiti wenye manufaa yanayokubalika, na hujibu kwa wakaguzi. Sisi tunaomweka sebuleni hatuna udhuru wa utafiti, na kwa hiyo deni letu kwake ni kubwa kuliko la maabara.

Mambo ya sakafu na wenzi nitayapitia kwa haraka. Aksolotli hula kwa kufungua kinywa ghafla na kuvuta maji pamoja na vyote vilivyomo, kwa hiyo changarawe zitiwazo kwa ajili ya kupendeza humwingia tumboni na kumziba. Mchanga laini sana unafaa kwa aliyekwisha kukua, na kioo kitupu kinafaa kwa mdogo. Hana kope za kufumba, hivyo taa kali ni mateso kwake, na mapango mawili matatu ya kujificha ni haki yake. Mkondo wa chujio uwe mpole. Samaki wasichanganywe naye: wadogo atawameza, na wenye miiba watamkwama kooni, wakubwa watamdonoa matamvua, wakidhani ni nyungunyungu. Dume na jike wakiachwa pamoja, mayai huja kwa mamia, na mwenye nyumba asiye na mpango wa mamia ya watoto hujikuta akiwagawa kwa yeyote apitaye mlangoni.

Lakini juu ya mguu unaoota upya sitapita haraka, kwani hapo ndipo ukatili umejivika joho la elimu. Ni kweli, na ni ajabu kubwa, kwamba kiumbe huyu huweza kuurudisha mguu mzima, mfupa na msuli na neva, na hata sehemu za moyo na za uti wa mgongo. Ndiyo maana wataalamu walijitaabisha kuisoma jenomu yake, iliyochapishwa mwaka 2018, yenye herufi zipatazo bilioni 32, mara kumi ya ile ya binadamu. Kutokana na ajabu hiyo watu wamejifunza kusema, wanapoona watoto wa aksolotli wamekatana miguu katika beseni moja, kwamba hakuna neno, itaota. Huota, naam, ila kwa nguvu ambazo mwili ungezitumia kukua, kwa wiki nyingi kwa mdogo na miezi kwa mkubwa, na katika maji machafu kidonda huingiwa na kuvu kabla hakijapata kufanya ajabu yake, na mguu huo huweza kuota ukiwa na kombo. Zaidi ya hayo, watoto hao hukatana kwa sababu wamesongamana au wana njaa, na yote mawili ni kazi ya mikono yetu. Uwezo wa kupona hauhalalishi jeraha. Hatungeukubali uamuzi wa hakimu amwachiaye mtu aliyempiga jirani yake kwa hoja kwamba jirani ana damu njema na vidonda vyake hufunga upesi.

Imebaki hoja ya mwisho, ambayo husemwa kwa sauti ya uadilifu: kwamba aksolotli anakaribia kutoweka kwao, na kwa hiyo kila amfugaye nyumbani anaihifadhi jinsi yake duniani. Sehemu ya kwanza ni kweli, tena kweli ya kuhuzunisha. Hesabu zilizofanywa Xochimilco mwaka 1998 zilikadiria aksolotli 6,000 katika kila kilomita ya mraba. Zile za mwaka 2014 zilikadiria 36. Tilapia na kapu, samaki wa kigeni walioletwa ili wawe chakula cha watu, wamekula mayai na watoto wake. Maji machafu ya jiji la Mexico yameingia mifereji. Na jiji lenyewe limeyasogelea mashamba. Ila sehemu ya pili haifuati kabisa kutoka katika ya kwanza. Sehemu kubwa ya aksolotli wa maabara na wa majumbani asili yao ni kundi dogo lililofikishwa Paris wakati wa vita vya Wafaransa huko Mexico, ambamo mtaalamu wa wanyama Auguste Duméril, wa bustani ya Jardin des Plantes, alipata sita mwaka 1864 na kuwazalisha; wamezaana wao kwa wao zaidi ya miaka 150. Hata usafi wa nasaba hawana: wale weupe wenye macho mekundu wameupata weupe wao kwa salamanda wa jinsi nyingine, salamanda chui-milia wa Amerika Kaskazini, aliyechanganywa nao katika maabara mwanzoni mwa miaka ya 1960, na wataalamu wamekuta nasaba yake ndani ya aksolotli wa maabara kwa ujumla. Wauzaji huwazalisha kwa rangi. Aghalabu hakuna anayeandika nani ni mzazi wa nani, wala anayewapima kuvu ya ngozi iliyokwisha kuangamiza amfibia katika mabara mengi. Mnyama wa namna hiyo akitiwa Xochimilco huenda akapeleka maradhi kwa wale wachache waliobaki.

Sisi wa Afrika Mashariki hatuna haja ya kukisia jinsi uhifadhi wa kweli ulivyo, kwani tumeuona Kihansi, Tanzania. Chura mdogo wa Kihansi, aliyegunduliwa mwaka 1996 katika korongo moja tu la milima ya Udzungwa, alikosa manyunyu ya maporomoko wakati maji yalipogeuzwa kwa ajili ya umeme. Mwaka 2000 vyura 499 walipelekwa Marekani, wakatunzwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo. Mwaka 2009 ikatangazwa kwamba kwao porini hayupo tena. Na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni, ambako mabomba ya kunyunyiza yalikuwa yamewekwa ili pawe na unyevu wa kuwapokea. Katika habari hiyo mna korongo linalotengenezwa, mna kumbukumbu za ukoo, mna madaktari wa wanyama, na mna nia ya kurudi tangu siku ya kuondoka. Na pamoja na yote hayo kazi ilikuwa ngumu. Mexico nako wapo wanaofanya kazi ya namna hiyo: Luis Zambrano na wenzake wa chuo kikuu cha UNAM wamekubaliana na wakulima wa chinampa, wakaziba midomo ya mifereji midogo kwa vizuizi vinavyochuja maji na kuwakataa tilapia, ili aksolotli apate pa kukaa na mkulima apate maji safi ya mboga zake. Mfereji ule unaihifadhi jinsi. Hodhi la sebuleni linamhifadhi mnyama mmoja, na hilo nalo ni jema likifanywa sawasawa, lakini na liitwe kwa kadiri yake.

Atakayeniambia kwamba kwa masharti haya nimewafungia mlango watoto na watu wa kipato cha chini, nitamjibu kwamba mlango huo haukuwa wangu kuufungua. Aksolotli aliyetunzwa vyema huishi miaka 10 hadi 15. Mtoto wa miaka minane aliyemtaka kwa ajili ya mchezo wa kompyuta atakuwa mtu mzima kabla mnyama hajafa, na katika miaka hiyo yote maji yatahitaji kupimwa, kupozwa na kubadilishwa kila wiki, mtihani uwepo au usiwepo. Mzazi awezaye kusema kwamba kazi hiyo ataifanya yeye mwenyewe, na amnunue.

Na aliye naye tayari katika bakuli, akasoma haya akaingiwa na wasiwasi, asikimbilie kumtupa mtoni, kwa kuwa hilo ni dhuluma kwa mnyama na kwa mto. Amtoe leo katika bakuli, amtie katika beseni pana lenye mfuniko wenye matundu, mahali penye baridi kuliko pengine pote nyumbani, na kila siku ayabadilishe maji yote kwa maji mengine yaliyotiwa dawa ya klorini na yenye joto lile lile. Wakati huo alianzishe hodhi kando, na chujio lake, na amonia yake ya matone, bila haraka. Akihitaji wiki sita, ziwe sita. Siku vipimo vya amonia na nitriti vitakapokuwa sifuri mfululizo, na kipimajoto kisipande juu ya nyuzi 18 hata saa nane mchana, amhamishe ndani ya chombo chenye maji, asitumie wavu, kwani vidole na matamvua yake hunaswa humo.